Njia Inayopita Uani kwa Watu

Bwana Okumu anasema ni yeye aliyepiga hodi. Uongo mtupu! Mwezi uliopita nilikuwa arusini Kinondo, nimekaa upande wa wanawake, turubai limetutenga na wanaume, nashughulika na biriani yangu, nikasikia sauti nene ya bara ikiwasimulia vijana habari za ile njia yetu ya baiskeli ya zamani, na jinsi meneja wa hoteli alivyoshuka kwa ujasiri, akaiendea nyumba iliyofungwa, akapiga hodi. Sauti ile ningeitambua popote. Nikainua pindo la turubai nikasema, "Bwana Okumu, chunga ulimi, mwenye habari yake yupo." Kikatoka kile kicheko chake cha kukohoa, na mkongojo ukaanguka. Hatukuwa tumeonana tangu alipostaafu akarudi kwao Kisumu, na siku ile tulikaa nje tukibishana mpaka viti vya kukodi vikakusanywa. Yeye kichwa ni cheupe, mimi nina magoti yasiyotaka hata ngazi za hospitali, lakini ubishi wetu haujapungua. Niliporudi nyumbani nikaona bora niyaandike mwenyewe, maana mzee yule ana afya nzuri na ataendelea kusimulia.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nafanya kazi katika chumba cha pasi cha hoteli moja ya Diani. Wageni hawakijui chumba hicho. Kilikuwa nyuma ya jiko, dirisha lake limetazama ukuta, na mchana kutwa tulikuwa tukinyoosha mashuka, mimi na mwenzangu Saumu, mvuke umetujaa machoni, harufu ya sabuni na vitunguu vya jikoni imeganda nguoni hata unakwenda nayo kulala. Sitasema nilikuwa na dhiki. Mshahara ulikuja, Saumu alikuwa na maneno ya kuichekesha pasi yenyewe, na chumba tulichopanga pamoja Ukunda, hatua chache kutoka Kona ya Musa, paa lake halikuvuja. Ila nilikuwa nanyauka. Mimi ni mtu wa Msambweni, nimezoea upepo, na kila siku yangu ya mapumziko nilikuwa nikiazima baiskeli ya mwenye nyumba, naiacha barabara kuu, nashika vijia vya mashambani, katikati ya minazi na mikorosho, mpaka kwetu, kisha narudi jioni nimejaa vumbi na furaha. Saumu ananitazama nikikung'uta miguu mlangoni. "Wewe una wazimu," anasema. "Wenzio wanapanda gari, wewe unajikamua kama nazi." Nami nilikuwa nacheka tu.

Basi hoteli ikaleta baiskeli za gia, zile zenye magurudumu mapana ya kupandia milima. Wageni walikuwa wamechoka kulala mchangani, ikaonekana wapelekwe mashambani na vilimani. Kijana wa kwanza kuwaongoza alitoka Nairobi, kijana mzuri, ana miwani myeusi na ramani, lakini ramani haijui vijia vyetu. Aliondoka nao asubuhi, wakarudi magharibi wamechanwa na miiba, mmoja amepoteza kiatu, na yule kijana akapanda basi la kwao bila kuaga. Kesho yake Bwana Okumu, meneja wetu, akaingia chumba cha pasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama mlangoni anajipepea kwa gazeti. "Nasikia hapa kuna mtu anajua hizi njia za ndani." Nikainamia shuka langu. Saumu akanitia kiwiko cha mbavu. "Huyu hapa, bosi. Mwanaidi. Anazijua mpaka za panya." Bwana Okumu akanipima kuanzia mtandio mpaka ndara. "Msichana?" Saumu akamjibu, "Kwani baiskeli imeuliza?"

Nikapewa msimu mmoja wa kujaribiwa. Kila Jumamosi niwatoe wageni asubuhi, niwapandishe vilimani, niwarudishe wazima kabla ya saa saba, wakati wa chakula cha mchana cha hoteli. Nikifaulu, kazi ni yangu moja kwa moja. "Ukishindwa," akasema Bwana Okumu, "pasi bado ina moto." Baiskeli niliyokabidhiwa nilikwenda nayo chumbani, nikailaza kati ya kitanda changu na jiko la mafuta, Saumu akawa anairuka kila akienda kupika, huku ananiapiza. Wallahi, sijawahi kukitaka kitu duniani kama nilivyoitaka kazi ile. Nimeshapata mengi tangu hapo, mume, watoto, duka langu la vitambaa, na yote nilishukuru. Lakini kutaka kule nilikuonja mwaka ule tu.

Njia niliitengeneza mwenyewe. Tulitoka hotelini jua bado laini, tukavuka barabara ya Lunga Lunga, tukaingia Muhaka, halafu udongo ukaanza kuwa mwekundu na miguu ikaanza kujua kazi. Huko juu kuelekea vilima vya Shimba kulikuwa na mwinuko mmoja wa kokoto ambao wageni wenye vifua vipana walishuka wakasukuma baiskeli, na mimi nikaupanda nimekaa, suruali ndani, leso nimeifunga kiunoni, kofia ngumu juu ya mtandio. Nilikuwa naringa, nisiseme uongo. Kule juu ukigeuka unaiona bahari mbali, mstari mmoja tu wa buluu, na upepo unakupiga kifuani mpaka unataka kupiga kelele. Nilipiga, mara nyingi. Kisha tunateremka, tunateremka mpaka macho yanatoa machozi, tunarudi pwani kwa upande wa Kinondo, na mwisho tunafuata kijia cha kupita Mwabungo mpaka Diani. Hapo sasa, kwenye kipande kile cha tambarare ambacho hata mtoto angekipita, ndipo kazi yangu ilipotaka kunifia.

Kwetu kijia hakizunguki nyumba, kinapita uani, mbele ya mlango. Ukipita nyuma ya nyumba ya mtu, wewe ni mwizi au una jambo baya zaidi. Unapita mbele, unatoa salamu, unajulikana. Na sisi tulikuwa tunafika pale adhuhuri, watu wametoka shambani na baharini, sinia zimeshatua mikekani. Mtu wa kwetu hawezi kula na mwingine anapita bila kumwambia karibu. Hawezi! Hata kama kilichomo siniani ni sima na mboga chungu ya mchunga, hata kama anayepita ni mtu waliyegombana naye jana. Akinyamaza ataitwa mchoyo, na uchoyo kwetu ni aibu kubwa kuliko umaskini. Na wazee wanasema chakula kile kitamkaa tumboni kama jiwe. Anayepita naye ana wajibu wake: anajibu, "Bismillahi, endeleeni," au anainama, anamega tonge moja la heshima, anashukuru, anakwenda zake. Ni mchezo wa pande mbili na sote tumezaliwa tukiujua. Wageni wangu hawakuzaliwa wakiujua. Walipoambiwa karibu, walishuka, wakavua kofia, wakakaa.

Nyumba ya kwanza kutukaribisha ilikuwa ya Bi Mwanakombo, mama mnene wa makamo mwenye sauti ya kuita punda, anayekaanga samaki wa kuuza. Ua wake ulikuwa umefagiwa mpaka unaona alama za ufagio, jiko la makuti upande mmoja, na daima harufu ya nazi inayochemka. Jumamosi ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Bi Mwanakombo," akaitikia marahaba, akawaona nyuma yangu wanne wamewiva kwa jua, akasema neno lake. Nilipokuja kutazama, mama mmoja mrefu wa Kizungu alikuwa ameshakunja miguu mkekani, anapuliza muhogo wa nazi. "Hawa wana njaa," Bi Mwanakombo akaninong'oneza, uso umeng'aa. "Huko hotelini hamuwalishi?" Nyumba ya pili, karibu. Wakakaa. Ya tatu ilikuwa na samaki wa kupaka. Mzungu mmoja aliomba kichwa. Tulifika Diani alasiri imeshaadhiniwa, wote wameshiba, wanacheka, na mmoja tulimsukuma.

Nikawafundisha kukataa. Waliniuliza, "Kwani hao watu hawataki tule?" Nikasema wanataka. "Basi kwa nini tukatae?" Nikasema ni adabu. "Na kukaribisha nako?" Nikasema nako ni adabu. Wakatazamana, na kwa kweli hata mimi nilipojisikia sikuelewa ninasema nini. Jumamosi iliyofuata walikula tena. Baya zaidi, habari zilienea. Akina mama wa njia ile wakajua siku yetu, wakaanza kupikia Jumamosi, huyu anamshinda yule, viazi vya karai hapa, mahamri na mbaazi pale, na nikijaribu kupita mbio nasikia nyuma yangu, "Ala! Mwanaidi, kwangu umeona nini?"

Mpishi mkuu wa hoteli akawaka moto. Saladi zake zilirudi kama zilivyotoka, nyama zake zikakauka mezani. Niliyasikia hayo nikiwa chumba cha pasi, maana siku za kazi bado nilinyoosha mashuka, na ukuta wa jiko ulikuwa mwembamba. "Ama huyo msichana, ama mimi!" Kisha sauti nene ya Bwana Okumu, polepole: "Wewe siwezi kukosa." Saumu akaweka pasi yake chini.

Aliniita ofisini. Jumamosi inayokuja, akasema, wanakuja watu wa Nairobi wanaopeleka wageni kwenye mahoteli, na yeye mwenyewe atapanda baiskeli pamoja nao. "Mimi sikukuajiri upeleke wageni wangu kula kwa watu, Mwanaidi. Tukifika hapa saa saba na njaa yetu, hii njia ni yako. Tukichelewa tena, inafungwa, na wewe unarudi ndani." Nikasema ndiyo, bwana. Nilitoka nikapita chumba cha pasi bila kuingia, nikasimama nyuma ya matangi ya maji, nikalia mpaka nikachoka.

Ijumaa nikashika njia, nikaenda nyumba hadi nyumba, Kinondo mpaka Mwabungo, nikiomba jambo ambalo nadhani hakuna aliyewahi kuliomba pwani nzima: kesho, tafadhalini, msitukaribishe. Bi Mwanakombo alikuwa anapara samaki. Kisu kikasimama. "Nile, na watu wanapita mbele yangu, ninyamaze?" Nikamwambia ndiyo, Bi. "Mate yao ya tamaa yaniangukie?" Nikamweleza habari za saa saba, na za pasi. Akanitazama, magamba yamemjaa mikononi. "Astaghfirullah," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone, na wewe unataka tufe." Kisha akashusha pumzi. "Haya, mwanangu. Nenda. Tutajua la kufanya."

Jumamosi ikaanza vizuri kuliko zote. Bwana Okumu alikuwa na nguvu za ajabu kwa mtu wa kukaa kitini, na ule mwinuko wa kokoto aliupanda akitukana kwa Kijaluo. Wageni wa Nairobi walikuwa watatu, wachangamfu, wanapiga picha kila mkorosho. Tukateremka, tukaingia Kinondo mapema kuliko siku yoyote. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, kazi nimeipata. Halafu nikaanza kuona kitu. Uani hapakuwa na mtu. Nyumba ya kwanza mlango umefungwa. Ya pili umefungwa, na dirisha. Mikeka imeondolewa, kuku peke yao wanachakura, na harufu ya samaki wa kukaanga imejaa hewani lakini hapana sauti, hata ya mtoto. Nikaelewa. Yarabi! Walikuwa wameshindwa kula mbele ya watu bila kusema karibu, kwa hiyo wakaingia na masinia yao ndani, wakajifungia. Jua la saa sita, nyumba za mabati, na moto wa kupikia umezimwa punde tu.

Wenzangu hawakuelewa. Mmoja akauliza kama kuna msiba. Wakaacha kupiga picha, wakasogeleana. Katika nyumba moja pazia likatikisika, jicho likachungulia, likapotea. Kufika uani kwa Bi Mwanakombo, Bwana Okumu akafunga breki. "Mwanaidi, hawa watu wana nini na sisi?" Nikasema hawana kitu, bwana, twende, saa bado. "Hapana. Wanatuona wanafunga milango. Wanatuchukia, ama wanatuogopa. Mimi siwezi kuleta wageni mahali kama hapa. Hata tukifika kabla ya saa saba, hii njia imekufa." Na wale watatu wakatikisa vichwa kukubali. Nilikuwa nimebakiza kilomita chache kufika hotelini na wakati ninao, na kazi inanitoka mkononi nikiiona. Basi nikaibwaga baiskeli. Mimi, si yeye! Nikauendea mlango, nikapiga hodi.

Ndani kukawa na mnong'ono. "Ni nani?" "Ni Mwanaidi." "Nyamaza, kasema tunyamaze!" "Kasema tusiwakaribishe. Hodi hakuitaja." "Sasa hodi utaiitikiaje bila karibu?" Mtoto akacheka, akazibwa mdomo. Nikapiga ya pili. "Hodi, Bi Mwanakombo. Fungua tu."

Mlango ukafunguka na joto likatupiga usoni kama la tanuri. Walikuwemo wote, Bi Mwanakombo, mumewe, mabinti na wajukuu, wameizunguka sinia moja gizani, wameloa jasho chapachapa, mzee wa watu amevua shati. Bi Mwanakombo hakunitazama mimi. Alimtazama Bwana Okumu, mkono wa kulia bado una wali. "Bosi, usimfukuze," akasema. "Hatujasema karibu. Wallahi, hakuna aliyesema."

"Hamjasema nini?" Bwana Okumu akauliza. Ikabidi nimweleze, palepale mlangoni, yote, na safari yangu ya Ijumaa. Nilieleza vibaya. Akasikiliza, akatazama ile sinia, akamtazama yule mzee aliyevua shati. "Na hizo nyumba zingine tumepita?" Nikasema hivyo hivyo. "Na za mbele?" Hivyo hivyo, bwana, mpaka tupite. Akavua kofia yake ngumu, akapangusa uso kwa mkono. Macho yalikuwa mekundu, na hili nalo arusini amelikana, anasema lilikuwa vumbi. "Mama," akamwambia Bi Mwanakombo, "hata kwetu mtu hafungi mlango akila. Toa hii sinia nje, watoto watakufa." Kisha akaketi mkekani, mtu mzima aliyezoea suti, akakunja miguu kwa taabu, na wale wa Nairobi wakaketi, na neno likamtoka Bi Mwanakombo kwa sauti yake ile ya kuita punda, mara tatu, kama mtu aliyekuwa amebanwa pumzi. Saa saba ikapita tukiwa tunanawa mikono. Niliiona kwenye saa yake. Naye aliiona, akashusha mkono wa shati. "Jumatatu tafuta mtu wa kukaa na Saumu kwa pasi," akasema, mdomo umejaa. "Mpishi nitaongea naye. Sasa ondoka hapa. Nenda ukafungulie watu."

Nikapanda baiskeli. Sijui nilikanyagaje. Nilirudi nyuma mpaka Kinondo, kisha nikaja mbele tena, nikipita uani kwa watu napiga kengele na kupiga kelele, "Fungueni! Yamekwisha! Tokeni mle!" na milango ikawa inafunguka, watu wanatoka wanajipepea kwa leso, watoto wanakimbilia mtungi, mama mmoja ananitukana huku anacheka, na kila mmoja, kabla hata hajavuta hewa vizuri, ananiambia karibu. Nalia, nacheka, nasema bismillahi, endeleeni, bismillahi, endeleeni.

Nyumba ya mwisho, kule mwisho wa Mwabungo, ilikuwa ya bibi mmoja anayeishi peke yake. Ijumaa sikumkuta. Nilikuwa nimepita mbele ya mlango wake kila Jumamosi nikimwamkia kwa mbali, basi, si zaidi. Nao ulikuwa umefungwa. Nilipoita akatoka taratibu, anashika ukuta, leso imemganda mgongoni kwa jasho, bakuli la uji mkononi. Nikamwambia, shikamoo bibi, waweza kukaa nje sasa. Akaitikia. Akaniuliza, "Wewe waitwa nani, mwanangu?"

"Mwanaidi, bibi. Kwani hunijui?"

"Sikujui."

"Sasa ulijifungia kwa nini, na jua hili?"

"Nimeambiwa kuna mtoto wa watu atafukuzwa kazi tukisema karibu," akasema. "Basi nikafunga." Akanisogezea kigoda. Nikaiegemeza baiskeli ukutani kwake, nikanawa, nikala.